Kumtembeza Mgeni kwa Maneno ya Mgeni: Uhakiki wa Istilahi za Ziara ya Mji Mkongwe, Unguja

Utangulizi

Aghalabu kurasa hizi huhakiki istilahi zilizokwisha kuandikwa: za sheria, za fedha, za vitabu vya sayansi. Safari hii tumeona inafaa kuhakiki matini ya namna nyingine, yaani maelezo yatolewayo kwa mdomo na mwongoza watalii anapotembeza kikundi kidogo cha watu, kwa siku moja, katika mji wa kihistoria. Maelezo hayo ni matini kamili. Yana mwanzo na mwisho, yana mpangilio, na hukaririwa karibu neno kwa neno siku baada ya siku. Mwalimu ayasikiaye huyarudisha darasani. Mtumishi wa serikali huyatia katika taarifa yake. Mfasiri huyaokota akidhani kwamba ndiyo Kiswahili cha mahali pale. Kwa hiyo si jambo dogo mbele ya watu wanaoshughulikia istilahi.

Tumeuchagua Mji Mkongwe wa Unguja kwa sababu mbili. Kwanza, ni mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kila siku vikundi vya wageni hupita vichochoroni mwake. Pili, Kiswahili Sanifu kina deni kwa mji huu. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930 ilianza na msingi huo. Ikiwa kuna mahali ambapo mtu angetarajia kusikia Kiswahili kikijieleza chenyewe, bila ya kuazima ulimi wa mwingine, basi ni hapa.

Ziara tuliyoihakiki ilikuwa ya watu wanane: walimu kutoka bara, watumishi wa serikali, na wazazi wawili wa Mombasa pamoja na watoto wao. Iliendeshwa kwa Kiswahili, kama tulivyoahidiwa. Tulianzia Forodhani, tukapita Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, tukaingia vichochoroni hata Mkunazini, tukamalizia Darajani. Mwongozaji wetu alikuwa kijana mzaliwa wa mji, mpole, mwenye kuijua kazi yake na kuipenda. Uhakiki huu haumlengi yeye, bali matini aliyokabidhiwa.

Hoja yetu ni hii. Kiswahili hakipungukiwi na istilahi za kuueleza Mji Mkongwe. Kilichopungua ni nafasi ya istilahi hizo katika maelezo. Tulichosikia kwa sehemu kubwa ni Kiswahili kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, na Kiingereza hicho chenyewe kilikuwa kimefasiri mambo ya Waswahili. Maneno yaliondoka pwani hii, yakazunguka, yakarejea na sura ambayo jamaa zao hawaitambui.

Jina la mji

Tuanze na jina. Mara kadhaa mwongozaji alisema "Mji wa Mawe", na mara nyingine "mji wa kale". La kwanza ni tafsiri ya jina ambalo wageni wasemao Kiingereza wamelizoea. Wenyeji husema Mji Mkongwe, au husema tu "mjini", kwa kuutofautisha na Ng'ambo na shamba. Mgeni wa Morogoro au wa Mombasa hana haja ya kupitishwa Uingereza ili afikishwe Unguja.

La pili lina kasoro ya ndani zaidi. "Kale" ni wakati uliopita. Kitu cha kale ni kitu ambacho zama zake zimekwisha. "-kongwe" ni sifa ya kilicho hai: mtu mkongwe amekula chumvi nyingi, lakini bado yuko, huamkiwa na kuulizwa shauri. Mji Mkongwe una watu wanaopika, wanaosali, wanaodaiana na wanaozozana juu ya maji ya mvua yanayotiririka kutoka paa la jirani. Mwongozaji anapouita mji wa kale huwafanya watu hao kuwa vitu vya makumbusho, na ndivyo walivyotazamwa: wenzetu wawili katika kikundi walipiga picha mlangoni mwa watu bila ya hodi. Hatudai kwamba neno moja ndilo lililowakosesha adabu. Twasema tu kwamba neno sahihi lingewakumbusha kuwa wako kwa watu.

Nyumba na viungo vyake

Vichochoroni tulisimama mbele ya nyumba yenye sehemu ya kukalia iliyojengwa kwa chokaa pande zote mbili za mlango. Mwongozaji alieleza: "Hizi ni benchi za mawe za nje, ambapo wanaume walikuwa wakikaa na kuongea." Mwalimu mmoja aliuliza, "Samahani kaka, hii si ndiyo baraza?" Mwongozaji alicheka. "Ndiyo hasa, mwalimu! Hii ni baraza. Sisi jioni hatukosi hapa, tunacheza bao."

Jambo hili dogo linatosha kuonyesha ugonjwa wote. Neno alikuwa nalo. Alilitumia jana yake na angelitumia jioni ile ile. Lakini lilipofika zamu ya "maelezo", aliliweka kando akachukua tafsiri. Na neno lenyewe si neno dogo. Kutokana na mahali hapo pa kukalia na kuzungumzia mambo, Kiswahili kimepata jina la mkutano wa wazee, la chombo cha mawaziri, na la Baraza hili la lugha linalotoa jarida hili. Mtoto akiambiwa kuwa zile ni "benchi za mawe" huona mawe tu. Akiambiwa kuwa ni baraza, huona mara moja uhusiano kati ya mlango wa nyumba na dola inayomtawala. Somo zima la uraia limo katika neno hilo, na limeachwa njiani.

Hali ilikuwa hiyo hiyo katika viungo vingine vya nyumba. Roshani iliitwa "balkoni". Mlango wa nakshi, ambao ndio fahari ya mji, ulielezwa kwa maneno "fremu", "ubao wa katikati" na "mapambo". Mafundi wa pwani wana majina ya vitu hivyo, na kamusi zetu zimekwisha kuyaandika: miimo ndizo nguzo mbili za ubavuni, vizingiti ni vya juu na chini, mfaa ni ubao wa wima unaofunika pale mbao mbili za mlango zinapokutana. Mafundi wachonga nakshi bado wapo. Tukiyaacha majina haya, mwanafunzi wa ufundi atajifunza kuchonga mfaa bila ya kujua kuwa ni mfaa, na siku ya kuandika hesabu ya kazi yake ataandika "kile cha katikati".

Wakati mwingine istilahi si jina tu, bali ni ufafanuzi. Mwongozaji alituonyesha chumba kirefu chembamba, akasema kwamba watu wa zamani "walipendelea vyumba vyembamba". Dari ya chumba hicho imelala juu ya boriti, yaani magogo ya mikoko. Boriti haina urefu usio na kikomo. Ile ifaayo kubeba dari ya mawe na chokaa hufikia kiasi cha mita 3, na upana wa chumba haukuweza kuuzidi. Haikuwa mapenzi ya mtu bali kipimo cha mti. Lau angelitaja boriti, angelieleza umbo la chumba, biashara ya mikoko ya pwani, na jahazi zilizoibeba mpaka Uarabuni, vyote kwa pumzi moja.

Pale alipoacha kukariri

Hatuna budi kusema pia lililo jema, nalo ni kubwa. Tulipofika Darajani mtoto mmoja aliuliza, "Mbona hakuna daraja?" Swali hilo, kwa dhahiri, halikuwamo katika matini. Mwongozaji akaacha kukariri. Akaeleza kuwa hapo zamani palikuwa na hori, bahari iliingia ndani ikautenga mji na upande wa pili, watu wakavuka kwa daraja. Hori likafukiwa, daraja likaondoka, jina likabaki. Ndiyo maana upande wa pili huitwa Ng'ambo mpaka leo, ingawa hakuna maji ya kuvuka. Kisha akaendelea kwa furaha: Forodhani palikuwa na forodha, Mkunazini ni mahali pa mkunazi, Sokomuhogo jina linajisema.

Hapo alisema "hori", wala hakusema "mkono mdogo wa bahari". Alisema "likafukiwa", si "lilijazwa". Sentensi zake zilifupika, vitenzi vikakaa mahali pao, na watoto walionyamaza tangu Forodhani wakaanza kushindana kubuni asili ya majina mengine. Robo saa ile ndiyo iliyokuwa ziara. Ilithibitisha kwamba kijana yule ana Viswahili viwili: kimoja cha nyumbani, kilicho tajiri na sahihi, na kimoja cha kazini, kilicho maskini, na kwamba amefundishwa kuamini kuwa cha pili ndicho chenye heshima.

Maneno yenye uzito

Mpaka hapa yamkini msomaji atasema kuwa tunagombania ladha tu. Tuje basi kwenye maneno ambayo kukosewa kwake ni kukosea historia.

Mbele ya Beit al-Ajaib, jengo lililojengwa mwaka 1883 katika utawala wa Sultani Barghash, tulisimuliwa "vita vifupi kuliko vyote duniani" vya tarehe 27 Agosti 1896. Maelezo yalitolewa kama kichekesho, na kikundi kilicheka. Lakini kilichotokea ni kwamba manowari za Kiingereza zililipiga kasri kwa mizinga kwa muda usiofikia saa nzima, na upande wa kasri watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, ilhali upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Kiswahili kinaweza kuliita jambo hilo kwa jina lake: shambulio la mizinga. Neno "vita" hudhani pande mbili zinazopigana. Kivumishi "vifupi" huleta mzaha. Maneno hayo mawili kwa pamoja yamewafuta watu 500.

Zito zaidi ni lililotokea Mkunazini, penye Kanisa Kuu la Anglikana, mahali palipokuwa soko la watumwa. Mwongozaji alisema: "Hapa utumwa ulikomeshwa mwaka 1873." Kauli hii imeandikwa pia katika vipeperushi vingi, nayo si sahihi. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na ulifunga masoko yao. Ulikomesha biashara ya watumwa kisheria, haukukomesha utumwa. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria kwa amri ya tarehe 6 Aprili 1897, na hata hapo masuria hawakuingizwa katika amri hiyo mpaka mwaka 1909. Kati ya 1873 na 1897 ni miaka 24. Mtu aliyezaliwa utumwani mwaka 1874 alikuwa mtu mzima wa miaka 23 kabla ya sheria kumtambua kuwa huru. Kwa kuchanganya istilahi mbili, "biashara ya watumwa" na "utumwa", maelezo yamemfuta mtu huyo katika historia. Na suria aliyengoja mpaka 1909 amefutwa mara mbili.

Walimu waliokuwa nasi waliandika "1873" katika madaftari yao. Tuliona wakiandika. Hapo ndipo kosa la istilahi linapoacha kuwa la kichochoroni na kuwa la mtihani.

Lugha yetu ina msamiati mpana, tena mchungu, juu ya jambo hili. Kulikuwa na mjakazi na suria. Kulikuwa na mzalia, aliyezaliwa huku huku pwani. Na kulikuwa na mjinga, neno ambalo katika karne ya 19 lilimtaja pia mtumwa aliyeletwa karibuni, asiyejua bado lugha wala desturi za pwani. Neno tunalotukania watoto leo lilikuwa hali ya mtu aliyetekwa. Mwalimu akilijua hilo atafikiri mara mbili kabla ya kulitamka darasani. Yote hayo yangeweza kuelezwa mbele ya zile sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Tulichosikia ni neno moja "watumwa", likirudiwa kwa kila mtu na kila wakati.

Ndani ya kanisa tulisimuliwa kisa cha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, ambacho hupendwa na wageni wote. Nyuma ya madhabahu amezikwa Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882, msimamizi wa ujenzi wa kanisa lile. Huyu ndiye aliyetoa mwaka 1870 kitabu cha mwongozo wa Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja. Mtu asikubaliane naye katika mengi, lakini katika historia ya sarufi na msamiati wetu hawezi kurukwa. Maelezo yalimtaja kuwa ni askofu tu. Kikundi cha Waswahili, katika ziara ya Kiswahili, kilipita hatua chache kutoka kaburi la mtu aliyeiandika lugha yao, wala hakikuambiwa.

Chanzo cha hali hii

Si haki kumtupia lawama mwongozaji. Wageni wengi wanaomlipa hawajui Kiswahili, na matini ya kwanza aliyoikariri ilikuwa kwa lugha yao. Alipotakiwa kuongoza kikundi cha Waswahili, hakupewa matini mpya. Aliifasiri ile ile papo hapo, akitembea, jua likiwaka. Mfasiri yeyote miongoni mwa wasomaji wetu anajua matokeo ya kazi ya namna hiyo.

Wako watakaosema kwamba maneno kama mwimo na mfaa ni magumu, na kwamba mgeni wa bara hayajui. Twajibu kwamba mgeni hakuja kuonyeshwa anachokijua. Neno "talii", linalotupa mtalii na utalii, lina maana ya kusoma na kuchungua kwa makini. Mtalii ni msomaji. Na msomaji hutaka maneno mapya, mradi kitu chenyewe kiwe mbele ya macho yake. Hakuna mahali pepesi pa kufundishia neno "mfaa" kuliko mbele ya mlango.

Istilahi ya kazi yenyewe

Litazamwe pia jina la kazi hii. Mkopo wa moja kwa moja kutoka Kiingereza hauwezekani, kwa kuwa ukitamkwa Kiswahili hutoa "gaidi", na hakuna mgeni atakayefurahi kutembezwa na gaidi. "Kiongozi" ni pana mno. "Mwongoza watalii" inaeleweka na imeenea katika ofisi. Wanaowaandama wageni njiani bila ya kibali watu wa mji huwaita papasi, kwa mfano wa yule mdudu anyonyaye damu. Ni istilahi kali, ya wazi, wala haikutungwa na kamati.

Hata hivyo, kitenzi cha watu kwa tendo hili ni "kutembeza". Mgeni akifika nyumbani, mwenyeji humwambia kijana, "Kamtembeze mgeni mjini." Twapendekeza basi "mtembeza wageni" ifikiriwe kando ya "mwongoza watalii". Pingamizi lipo: "kutembeza" ni pia kuuza bidhaa mkononi. Lakini istilahi ikitajwa kamili, pamoja na "wageni", utata huo huondoka. Tena neno hilo lazaa: matembezi, kutembezwa, matembezi ya mjini. Halitaki nyongeza ya "kwa miguu", iliyotiwa katika ratiba yetu kama "ziara ya kutembea kwa miguu", kana kwamba yako matembezi ya namna nyingine.

Mapendekezo

Kwa ajili ya watakaoandika matini mpya, tunatoa orodha fupi ifuatayo:

Mji wa Mawe, mji wa kale: Mji Mkongwe.
Benchi za mawe za nje: baraza.
Balkoni: roshani.
Fremu ya mlango: miimo na vizingiti.
Ubao wa katikati ya mlango: mfaa.
Miti ya kushikilia dari: boriti.
Mkono mdogo wa bahari: hori.
Ziara ya kutembea kwa miguu: matembezi ya mjini.
Vita vifupi vya 1896: shambulio la mizinga la tarehe 27 Agosti 1896.
Kukomeshwa kwa utumwa 1873: kupigwa marufuku kwa biashara ya watumwa kwa bahari na kufungwa kwa masoko yao 1873, kufutwa kwa utumwa kisheria 1897 na, kwa masuria, 1909.

Tunapendekeza zaidi ya hayo mambo matatu. Matini ya Kiswahili ya matembezi ya Mji Mkongwe iandikwe upya, si kwa kufasiriwa, bali kwa kuwasikiliza mafundi, wazee wa mabarazani na watembeza wageni wenyewe wanapozungumza bila ya kukariri. Mafunzo na mitihani ya kazi hii iwe na sehemu ya Kiswahili yenye kupimwa kwa uzito sawa na lugha za kigeni. Na walimu wanaopeleka wanafunzi mjini wadai, kabla ya kulipa kiingilio, maelezo ya Kiswahili kilicho chake chenyewe.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka. Jengo laweza kusimamishwa tena kwa fedha, mawe na mafundi. Kwa muda wote ambao mgeni hawezi kuingia ndani, anachopewa ni maneno; na maneno hayo, yakiporomoka, hayana jukwaa la kuyashikilia yasianguke zaidi. Wasomaji walio na majina ya viungo vya nyumba, vya mitaa na vya kazi za mji, wa Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu na kwingineko, wanaombwa wayaandike na kuyaleta kwa Baraza, pamoja na maelezo ya nani huyatumia na wapi.